Masikio ya Rika Moja

Kabla iritungu halijatoa wimbo, mpigaji huketi nalo kitambo akilihangaikia. Nyuzi zake ni nane. Zinaanzia kwenye mzinga wa mti uliochongwa na kuwambwa ngozi ya ng'ombe, zinapanda zikitawanyika hadi kwenye mti wa juu, ule uliobebwa na mikono miwili ya mbao. Huko juu kila uzi umefungwa juu ya kipande cha nguo, na kuukaza ni kulizungusha fundo hilo kidogo kidogo kwa kiganja huku sikio limeinama. Uzi wa tatu ukikaa sawa, wa pili unajulikana kuwa umelegea. Wa pili ukirudishwa, wa tano unaanza kulalamika. Mgeni hudhani muziki bado haujaanza. Wakurya, wa Nyanungu na Tarime yote mkoani Mara, Tanzania, hadi ng'ambo ya mpaka kule Kehancha, Kenya, wanajua kwamba umeshaanza, kwa sababu kazi ngumu kuliko zote kwenye ala hii ni kuzifanya sauti nane zisikilizane. Vidole vinakuja baadaye. Nataka kusema jambo hilohilo kuhusu bendi, na hasa bendi za muziki mgumu: ufundi wake mkubwa ni kusikilizana, na ufundi huo huiva vizuri zaidi kwa watu waliokua pamoja. Ndiyo maana bendi nyingi zilizodumu zilianzia kwa wanafunzi wa shule moja, wakati wachezaji bado hawajui mengi na hawana cha kuringia.

Ukuryani wazo hili si geni hata kidogo. Waliotahiriwa msimu mmoja ni saro moja, na saro ina jina lake linalowafuata maisha yote. Wanaitana kwa jina hilo wakiwa na mvi, wanasaidiana, wanakosoana bila kuogopana. Ninapolisifu rika silisifu kisu. Wasichana wa Tarime wamelipa gharama isiyosemeka kwa jina la mila, ukeketaji wa walio chini ya miaka 18 umekatazwa na sheria ya Tanzania tangu 1998, na bado kila msimu kuna wanaolazimika kukimbia nyumbani kwao. Kwa sababu hiyo hasa nina imani na shule. Shule inatengeneza rika bila kumwaga damu ya mtu, na inawatia wasichana ndani ya rika hilo wakiwa wazima. Watoto 40 wanaoingia kidato cha kwanza siku moja, wakapigiwa kengele moja kwa miaka minne, wanajuana kwa namna ambayo watu wazima hawawezi kujuana tena: nani hukata tamaa haraka, nani hucheka anapokosea, nani akinyamaza kuna jambo. Mwanamuziki anayeyajua hayo kuhusu mwenzake anajua atakapoingia na atakapomwachia nafasi.

Mfano wa wazi wa hili upo mbali, kwenye tawi la muziki wa metali linaloitwa progresivu, ambalo ni zito kama metali nyingine ila limesukwa kwa mapigo yanayobadilika badilika na nyimbo ndefu zenye sura nyingi. Dream Theater ya Marekani ilianza 1985. John Petrucci wa gitaa na John Myung wa besi walisoma pamoja Long Island, New York, wakaenda pamoja chuo cha muziki cha Berklee kule Boston, na huko wakamkuta Mike Portnoy wa ngoma. Kinanda wakampa Kevin Moore, rafiki yao wa nyumbani. Chuo wakakiacha, bendi wakaishika. Albamu ya kwanza, ya 1989, haikuwafikisha popote. Ya pili, Images and Words ya 1992, ndiyo iliyowatambulisha. Mwaka 1999 walitoa kipande kisicho na maneno kinachoitwa The Dance of Eternity, ambacho ndani ya dakika sita na ushei hesabu ya mapigo hubadilika zaidi ya mara 100. Fikiria maana yake kwa mpigaji. Ngoma tuliyoizoea ina mapigo manne, mwili unayajua, mguu unajipiga wenyewe. Hapa unahesabu saba, kisha tano, kisha sita, kisha saba tena iliyokatwa, na mwenzako anahesabu nyingine juu yako, na lazima mkutane mahali pamoja palipo padogo kama tundu la sindano. Kukariri peke yake hakutoshi kwa kazi hiyo. Aliyekariri akiteleza mara moja amepotea hadi mwisho. Anayemsikia mwenzake huteleza na kushikwa mkono papo hapo, wala msikilizaji hajui.

Huku kwetu metali iliyotokana na darasa moja siwezi kuionyesha, lakini safari ya bendi ya shule naweza, nayo ni Sauti Sol ya Nairobi. Muziki wao si mzito, na hilo halinipunguzii hoja, maana ufundi ninaousifu hauko kwenye kelele. Bien-Aimé Baraza, Willis Chimano na Savara Mudigi walikutana shule ya Upper Hill, na walipoanza mwaka 2005 walikuwa wanaimba bila ala. Hili ni la kuzingatia. Anayeimba bila ala hana ngoma ya kujifichia wala gitaa la kumkumbusha ufunguo. Akipanda kidogo tu, wimbo wote unapanda naye au unavunjika. Polycarp Otieno alipowaongezea gitaa alikuta sauti tatu zilizokwisha shonana, na ukisikiliza Mwanzo, albamu yao ya kwanza, gitaa lake linapita kati ya sauti hizo kama mtu anayepita sebuleni penye mazungumzo, kwa adabu na bila kukatiza. Wakafuata Sol Filosofia mwaka 2011, Live and Die in Afrika mwaka 2015, Afrikan Sauce iliyojaa wageni kutoka nchi nyingine za Afrika, Midnight Train mwaka 2020. Mtindo ulibadilika mara nyingi, kuna nyimbo zilizonoga na nyingine zilizokimbilia soko, lakini ule mshono wa sauti haukufumuka. Novemba 2023 waliagana na mashabiki wao Nairobi kwa tamasha la Sol Fest, baada ya miaka 18, kila mmoja akiwa ameshaanza kutoa kazi zake. Wapo waliohuzunika. Mimi naona saro hufanya vivyo hivyo: watu hujenga kila mmoja boma lake, na jina linabaki la wote.

Mtanzania anayeijua historia ya dansi atanipinga hapa, na ana haki. Bendi zetu kubwa hazikutoka darasani. NUTA Jazz iliundwa 1964 chini ya chama cha wafanyakazi, wanamuziki wakiwa waajiriwa wenye mshahara. Ikawa JUWATA, ikawa OTTU, na leo ni Msondo Ngoma. Mlimani Park ilianzishwa 1978 na kampuni ya usafiri na teksi, tena kwa kuchukua wanamuziki kutoka bendi nyingine. Watu wazima walioajiriwa wakatupatia muziki ambao hatujaupita. Urafiki wa shule uko wapi hapo? Naukubali ushahidi huo wote, kisha nauliza ni kitu gani ambacho mshahara ulinunua. Ulinunua muda. Waajiriwa walifanya mazoezi mchana kama makarani wanavyokaa ofisini, wakapiga usiku karibu kila wiki, mwaka baada ya mwaka. Na kila bendi ikawa na mtindo wake wenye jina, Msondo wa NUTA huku, Sikinde ya Mlimani Park kule, na msikilizaji wa baa aliutambua kabla mwimbaji hajafungua kinywa. Mtindo ndio masikio ya pamoja yaliyopewa jina. Sikinde yenyewe ni jina la ngoma ya Wazaramo, ngoma ambayo nayo huchezwa na watu wanaojuana. Mashirika yaliyolipa mshahara ule yamekwisha au yamebadilika, na kijana wa leo hataajiriwa na chama chochote apige besi. Mahali pekee anapopewa miaka minne na wenzake, chakula kikiwa ni shida ya mtu mwingine, ni shuleni.

Kuna pingamizi lingine linalotoka ndani ya mfano wangu mwenyewe. Portnoy aliondoka Dream Theater mwaka 2010. Bendi iliwajaribu wapiga ngoma saba, ikamchagua Mike Mangini, mwalimu wa Berklee, mtu mwenye kasi na nidhamu ya ajabu, asiyesoma nao hata siku moja. Alikaa miaka 13, wakatoa naye albamu tano, na tuzo yao ya Grammy ya 2022 waliipata yeye akiwa kwenye kiti. Kama rika ndilo kila kitu, mgeni huyu aliwezaje? Jibu langu ni kwamba sijasema rika ni ukuta. Petrucci na Myung hawakutoka tangu 1985. Mangini aliingia kwenye nyumba yenye nguzo, akajifunza namna wanavyovuta pumzi, kama Otieno alivyojifunza kwa wale watatu wa Upper Hill. Iritungu pia hukatikiwa na uzi, uzi mpya ukafungwa, na ukalinganishwa na saba zilizopo. Ni vigumu kuzing'oa zote nane kwa mpigo na kudai wimbo ni uleule. Portnoy alirudi Oktoba 2023, na waliokuwa wakimsubiri hawakuwa wakisubiri mpiga ngoma bora kuliko Mangini.

Watakaosema metali ni kelele za watu wengine, hazihusu Mara, nawaomba wasikilize iritungu kwa karibu. Sauti yake ni nene, inatoka chini, inavuma kifuani kabla haijafika masikioni, na wimbo wake hurudia mzunguko uleule hadi msikilizaji aanze kusikia vitu ambavyo havikuwapo mwanzo. Ndugu zake wengi wanapenda ukakasi. Kwenye nyatiti ya Wajaluo nyuzi hukalia vipande vya tete vilivyogandishwa kwa nta ili zikwaruze. Endongo ya Waganda huwambwa ngozi ya kenge, na uzi ukitetema huigusa ngozi ile na kunguruma. Ukoo huu umefika Uhabeshi, Sudan, hadi Oman na Kuwait ambako tambura ilipelekwa na watu wa asili ya Nubia. Kukwaruza kwa makusudi, ambako mpiga metali hukununua kwa kifaa cha umeme, fundi wa kando ya Nyanza alikujua zamani. Ndiyo maana Duma, wapiga metali wawili wa Nairobi waliotoa albamu yao Kampala mwaka 2020 na kuwashtua wasikilizaji wa Ulaya, hawanipi mimi mshtuko. Jina lao linatokana na neno la Kikikuyu la giza, ngoma zao zinakwenda mbio kuliko mguu wa mtu, na bado chini kuna mzunguko unaorudi na kurudi.

Kutoka 2005 hadi Mwanzo, wale wa Upper Hill walitumia miaka michache tu. Kidato cha kwanza hadi cha nne ni miaka minne. Nyanungu mti wa kuchonga upo, ngozi ya ng'ombe ipo, nailoni inauzwa dukani, na wazee wanaojua kulizungusha fundo la nguo mpaka uzi wa tano unyamaze bado wapo. Kinachotakiwa na shule ni chumba kimoja kilicho wazi Jumamosi mchana, na wasichana waruhusiwe kuzigusa nyuzi ambazo kwa muda mrefu zimekuwa za wanaume.