Bibi Anayesahau Hayumo Kitabuni

Kitabu cha Exercised nilikitafuta kwa sababu ya Wahadzabe. Mwandishi wake, Daniel Lieberman, ni profesa wa biolojia ya mageuzi huko Harvard, na baadhi ya hoja zake nzito zinasimama juu ya watu wa bonde la Ziwa Eyasi, ndani ya wilaya yetu hiyohiyo ya Karatu. Mimi kwetu ni Kansay. Si kila siku unafungua kitabu kilichotoka ng'ambo, mwaka 2020, ukakuta majirani zako ndio ushahidi.

Niseme mapema: ni kitabu kizuri, na kinachekesha. Lieberman anasimulia walivyosafirisha mashine ya kutembelea hadi kijiji cha Pemja, Kenya, ili wapime wanawake wanaobeba mizigo mizito. Akina mama waliozoea kupanda vilima na kuni mgongoni wakapanda ile mashine, wakaanza kutembea kama watu wanaojifunza. Hoja yake ni kwamba binadamu hakuumbika afanye mazoezi. Alijongea kwa sababu ilibidi, au kwa sababu kulikuwa na raha na wenzake. Hata Wahadzabe, alipofika kambini kwao, aliwakuta wamekaa tu wanapiga soga. Tofauti ni kwamba wanachuchumaa, wanapiga magoti, misuli haisinzii kama ya mtu aliyeegemea kiti.

Sura ya kuzeeka ndiyo iliyonishika. Hapo anajenga juu ya kazi ya Kristen Hawkes na wenzake, ambao tangu miaka ya 1980 waliwaandika bibi wa Kihadzabe wanaochimba mizizi kwa saa nyingi ili wajukuu wale. Lieberman anasonga mbele: tunaishi miaka mingi baada ya kuzaa kwa sababu wazee walihitajika, na kule kujongea kwao ndiko kunakoufanya mwili ujikarabati. Wazo zuri, na kwa mtu wa Kansay halina ugeni wowote. Huku mzee anastaafu jembe siku anayozikwa.

Ila nikajiuliza: na bibi asiyejua tena jembe ni la nini?

Bibi yangu mguu ulikuwa mzima, kichwa ndicho kilichoanza kuondoka. Siku moja alitoka asubuhi kwenda shambani, akakutwa jioni kwenye mahindi ya watu, mbali na nyumbani, hana viatu, anauliza mama yake yuko wapi. Sisi wajukuu wa mjini tukafanya kikao kwa simu na kuamua: asitoke tena. Mimi nikatuma hela ya kiti cha plastiki chenye mikono. Nilijiona nimefanya la maana. Akakalishwa kibarazani, akawa anafuliwa, anachotewa, anapikiwa. Haukupita mwaka, hawezi kusimama bila kuinuliwa na watu wawili. Kusahau hakukuwa kumemvunja miguu. Tulimvunja sisi, kwa upendo.

Sasa, kitabu kina sura nzima ya kukaa, lakini mzee wa namna hii hayumo. Alzheimer inatajwa, ila kwa jinsi ninavyomsoma Lieberman, inatajwa kama adui wa kuzuiwa mlangoni. Akishaingia ndani je? Msomaji anaweza kufunga kitabu akidhani mazoezi yatamrudishia bibi kumbukumbu. Majibu ya utafiti ni makali zaidi. Mwaka 2018 jarida la BMJ lilichapisha jaribio la Uingereza lenye watu 494 wenye ugonjwa wa kusahau wa kiwango cha chini na cha kati. Waliopewa mazoezi ya nguvu kwa miezi minne miili yao iliimarika kweli. Akili haikuimarika, walipopimwa tena baada ya mwaka, ilikuwa imeshuka kidogo zaidi ya wale wengine.

Na usiseme haya ni mambo ya Wazungu. Huko Hai, Kilimanjaro, watafiti waliwapima watu 1,198 wa miaka 70 na kuendelea, wakakadiria kwamba kwa kila 100 kama sita wana ugonjwa huu. Hai si mbali na kwetu.

Basi kwa nini umtembeze mtu ambaye kumbukumbu hairudi? Hapa ndipo ninapogombana na Lieberman. Katika sura ile, thamani ya mwili wa mzee inapimwa kwa anacholeta: chakula cha wajukuu, miaka zaidi, ugonjwa uliozuiwa. Bibi yangu haleti kitu. Ukimpa maharage apepete, nusu yanamwagika. Lakini miguu ina faida nyingine ambayo hesabu hiyo haiifikii: kwenda chooni mwenyewe. Mtu aliyesahau jina la mwanawe bado anaona aibu ya kubebwa.

Cha ajabu, jibu limo humohumo kitabuni. Kama watu hujongea kwa sababu ilibidi au kwa sababu ya raha ya wenzao, bibi amepoteza ile ya kwanza tu. Ya pili anayo. Shangazi aliligundua hilo bila kusoma Harvard. Alikitoa kile kiti kibarazani, akaweka kigoda, akaanza kumshika mkono hadi zizini na kurudi, kila jioni. Mwanzoni hatua kumi. Sasa wanafika. Wakirudi, bibi anapukuchua mahindi na watoto huku akiuliza hawa ni watoto wa nani. Mimi pia huniuliza.

Kisomeni kitabu hiki. Mkifika sura ya kuzeeka, msiishie kwa bibi anayechimba mizizi. Mtazameni na yule aliyekaa kibarazani kwenu, na ulizeni ni nani aliyempa kiti.