Nani Asiyejua Kusoma? Kipimo cha Kisomo cha Watu Wazima katika Pwani ya Cabo Delgado

Takwimu inayorudiwa sana katika maandishi kuhusu elimu ya Msumbiji ni ile ya mwaka 1975: kwamba nchi ilipopata uhuru, watu 93 katika kila 100 hawakujua kusoma na kuandika. Hatuna nia ya kuikanusha. Ukoloni wa Kireno uliwanyima Waafrika walio wengi shule, na hilo halina ubishi. Tunachouliza ni jambo dogo zaidi, ingawa kwa walimu wa Kiswahili si dogo hata kidogo: katika pwani ya kaskazini ya Cabo Delgado, kuanzia Ibo na Quissanga hadi Mocímboa da Praia na Palma, kipimo hicho kilikuwa kikipima nini?

Tuanze na nyaraka. Katika Hifadhi ya Kihistoria ya Msumbiji, mjini Maputo, zimo barua za karne ya 19 ambazo watawala Waislamu wa kaskazini waliwaandikia maofisa wa Kireno. Nyingi ni za Kiswahili, kwa hati ya Kiarabu. Watafiti kama Liazzat Bonate na Chapane Mutiua wameonyesha kwamba hati hiyo ilikuwa chombo cha kazi za kila siku za utawala na biashara. Waandishi wake hawakuwa wengi, wala hatutaki kuipamba enzi hiyo. Pwani hiyohiyo iliuza watumwa, na kalamu ilishiriki. Hata hivyo, warithi wa elimu hiyo, waliomudu hati ya Kiarabu bila kujua ile ya Kilatini, wakipimwa kwa Kireno wanahesabiwa hawajui kusoma.

Hapa msomaji atatupinga: kukariri msahafu chuoni si kusoma. Pingamizi hilo lina uzito. Mtoto anaweza kutamka aya vizuri bila kuelewa neno. Lakini tukilikubali, tulikubali kote. Frelimo ilipoanzisha kampeni ya kitaifa ya kisomo mwaka 1978, lugha yake ilikuwa Kireno, lugha ambayo mvuvi wa Mocímboa hakuitumia nyumbani, baharini wala sokoni. Judith Marshall, katika kitabu chake cha mwaka 1993 kuhusu madarasa ya kiwanda kimoja kusini mwa nchi, ameeleza jinsi wanakisomo walivyorudia maneno ya Kireno kwa pamoja nyuma ya mwalimu. Kuna tofauti gani na chuoni? Na mwandishi wa barua za karne ya 19 alikuwa amekwisha kuvuka kizingiti hicho: alizichukua herufi alizofundishwa kwa lugha asiyoizungumza, akazitumia kuandika lugha aliyoizungumza. Hilo ndilo kampeni ilishindwa kuliona.

Tuwe waadilifu. Frelimo ilikuwa na sababu. Nchi ina lugha nyingi, na Kireno kilifungua mlango wa ofisi na ajira. Hata leo mwanakisomo mwenyewe mara nyingi hukidai. Kosa halikuwa kukifundisha Kireno. Kosa lilikuwa kuyafunga mafunzo matatu katika fundo moja, yaani lugha, herufi na hesabu, kisha aliyeshindwa lugha akaandikwa kuwa ameshindwa yote.

Katika hesabu kosa hilo linaonekana wazi zaidi. Tuchukue mfano wa mama anayenunua tenga la samaki wakavu kwa meticais 1800. Analigawa mafungu 40, kila fungu 60. Hatazidisha kwa kupanga tarakimu. Atasema: mafungu kumi ni mia sita, ishirini ni elfu moja na mia mbili, arobaini ni elfu mbili na mia nne. Akitoa nauli ya 150 anajua amebakiwa na 450. Mtu huyo anajua hesabu. Anachokosa ni maandishi yake: orodha ya wadeni baada ya miezi mitatu, namba kwenye mizani, salio kwenye simu. Mwalimu anayemwanzishia moja jumlisha moja anampotezea muda, na akiondoka darasani tusiuite utoro.

Tena maandishi ya hesabu yenyewe si mamoja. Kwa desturi ya Kireno nukta hutenga maelfu na mkato hutenga desimali. Ng'ambo ya Ruvuma, kwa Watanzania, ni kinyume chake. Kugawanya kwa karatasi nako hupangwa tofauti: kigawanyo huandikwa kulia. Saa moja ya asubuhi ya msemaji wa Kiswahili huonekana 7 kwenye simu. Mwaka 2006 sarafu nayo ilikatwa sufuri tatu, 50.000 ikawa 50. Mfanyabiashara wa Palma aliyeuza Mtwara alikutana na haya yote, na tungetarajia kitabu cha kisomo cha pwani kiyape kurasa nyingi kuliko kinavyozipa irabu.

Wako wenzetu wanaosema dawa ni Kiswahili, na mfano wao ni Tanzania. Ni kweli: mwaka 1970 ulitangazwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na asilimia ya wasiojua kusoma ilitajwa kushuka kutoka 67 hadi 39 ifikapo 1975. Vitabu vya mradi wa Mwanza vilihusu pamba, ndizi na uvuvi, na kwa hilo vinastahili sifa. Lakini Wasukuma wengi walivisoma kwa lugha yao ya pili. Kimwani kina undugu wa karibu na Kiswahili, na wanaisimu wanabishana ni undugu wa namna gani. Hiyo si ruhusa ya kuwapelekea Wamwani Kiswahili sanifu na kurudia kosa lilelile kwa lugha tunayoipenda. Tangu mageuzi ya mtaala ya 2003, Kimwani kimo katika lugha za elimu ya lugha mbili kwa watoto. Wazazi wao wanastahili vivyo hivyo.

Jambo hili limekuwa zito zaidi tangu shambulio la Mocímboa da Praia la Oktoba 2017. Mwaka 2020 majahazi ya waliokimbia yalishusha watu Paquitequete, Pemba. Mkimbizi asiyesoma hutia dole gumba kwenye orodha asiyoijua, na humpa mgeni namba ya siri ya pesa zake za simu. Katika darasa la watu kama hao Kimwani, Kimakua na Kimakonde hukaa benchi moja, na hapo Kireno au Kiswahili huenda vikahitajika kuwa daraja. Lakini wazee waliopita chuoni wapo. Idara zetu zina wanaosoma hati ya Kiarabu. Kurasa chache za mistari miwili, neno lilelile la Kimwani kwa hati ya Kiarabu juu na ya Kilatini chini, pamoja na daftari la wadeni, zaweza kuandaliwa katika muhula mmoja.