Lugha ya Yatima: Kuisoma *Oliver Twist* mjini Juba

Charles Dickens alianza kuchapisha *Oliver Twist* kwa sehemu za kila mwezi mwaka 1837, miaka mitatu baada ya Uingereza kupitisha Sheria ya Maskini ya 1834. Sura za mwanzo ni kejeli kali dhidi ya sheria hiyo. Katika nyumba ya maskini, yatima hupewa jina kwa kufuata mpangilio wa alfabeti, na kuomba uji zaidi huhesabiwa kuwa uasi. Dhiki ya mtoto inaonyeshwa kuwa zao la mfumo.

Kadiri riwaya inavyoendelea, hata hivyo, kejeli hiyo hulegea. Oliver anaokolewa kwa kugunduliwa nasaba yake, ilhali sheria inabaki ilivyo. Dick, yatima mwenzake, anakufa. Jack Dawkins, mwizi kijana, anakamatwa, na inatarajiwa apelekwe uhamishoni ng'ambo. Lugha ndiyo inayoandaa tofauti hii. Oliver, ingawa amelelewa na mafukara, anazungumza Kiingereza sanifu. Dawkins anazungumza lugha ya mitaa ya London. Usanifu wa lugha unageuzwa kuwa ushahidi wa damu njema.

Mjini Juba, suala hili linavuka mipaka ya fasihi. Vita vilivyozuka Desemba 2013 viliwatenganisha watoto wengi na jamaa ambao, kwa desturi, wangewalea. Watoto wanaotafuta riziki katika soko la Konyokonyo hutumia Kiarabu cha Juba. Kiswahili, baada ya Sudan Kusini kujiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2016, kinaweza kuwafikia kama lugha ya shule na ya ofisi. Tafsiri inayompa Oliver Kiswahili sanifu na Dawkins lugha ya mtaani inaweza kumfundisha msomaji kwamba anayestahili huruma hutambulika kwa usemi wake.

Kusawazisha usemi wa wahusika hao si suluhisho, kwa kuwa kungeficha udhaifu wa riwaya yenyewe. Tofauti hiyo ihifadhiwe, na somo limwelekeze mwanafunzi kuuliza kwa nini Dick na Dawkins hawakuokolewa. Swali hilo linawahusu pia watunga sera. Sheria ya Mtoto ya 2008 inamhesabu kila aliye chini ya miaka 18 kuwa mtoto. Haimtaki kwanza athibitishe ukoo wake wala ufasaha wake.