Huruma ya Mtawala katika Mabepari wa Venisi

Wanafunzi wetu wakiulizwa dhamira ya onyesho la mahakama katika Mabepari wa Venisi, tamthilia ya Shakespeare iliyotafsiriwa na Mwalimu Julius Nyerere mwaka 1969, karibu wote huandika kwamba huruma imeishinda sheria. Nasi walimu huliwekea jibu hilo alama ya vyema. Hapa tunataka kulipinga.

Bassanio anapoomba sheria ipindwe kidogo ili Antonio apone, Portia anamjibu kwamba hakuna mamlaka Venisi inayoweza kuibadili. Kisha kibao kinageuka. Inatolewa sheria nyingine: mgeni akikusudia kumuua raia, nusu ya mali yake huenda kwa raia huyo, nusu kwa serikali, na uhai wake huwa mikononi mwa Mtawala peke yake. Mgeni! Shylock anaishi humo, anafanya biashara humo na amemlea binti humo. Je, raia akimvizia mgeni? Hatuambiwi.

Mtawala anamwachia uhai hata kabla hajaombwa, na wahakiki wengi hukomea hapo wakishangilia. Lakini Antonio anadai Shylock abadili dini, tena amrithishe mali yule binti aliyemtoroka pamoja na mumewe. Mtawala anaongeza kwamba akikataa, msamaha unafutwa. Kwa maoni yetu hiyo ni hukumu ya pili, tena isiyo na rufani. (Mfasiri alichagua neno mabepari, kwa wingi, miaka miwili tu baada ya Azimio la Arusha. Kwa jina hilo Antonio naye yumo kundini, ila adhabu imemkuta mmoja.)

Sisi wa Uganda tuna sababu ya kulisoma onyesho hili kwa makini. Kwa miaka mingi aliyepatikana na hatia ya kuua kwa kukusudia alihukumiwa kifo tu, hata kama jaji aliguswa na mazingira ya kosa. Mahali pa kuyaeleza mazingira hayo palibaki kwenye kamati ya kumshauri Rais kuhusu msamaha, iliyowekwa na ibara ya 121 ya Katiba ya 1995: Mwanasheria Mkuu na raia sita walioteuliwa na Rais mwenyewe. Mwaka 2009 Mahakama ya Juu, katika shauri la wafungwa zaidi ya 400, iliamua kwamba adhabu ya kifo isiyompa jaji hiari inapingana na Katiba. Aliyengoja zaidi ya miaka 3 baada ya rufani yake ya mwisho, adhabu yake iligeuzwa kifungo cha maisha.

Yaani mahakama ilirudisha kwa jaji jambo ambalo Venisi ililiacha kwa Mtawala. Ndiyo maana mwanafunzi anayesifu huruma ya Mtawala tungependa atueleze kwanza kama adhabu yenyewe ilikuwa ya haki. Mwalimu alikuwa Rais alipoitafsiri kazi hii, naye alikuwa na mamlaka ya kusamehe wafungwa. Alilisomaje onyesho hili?