Amerudi au Imerudi? Upatanisho wa Kisarufi katika Maoni ya Watazamaji wa Ironheart, Iringo, Musoma

Tamthilia ya Ironheart ilitolewa na Disney+ mwaka 2025 kwa mafungu mawili: sehemu tatu tarehe 24 Juni na tatu za mwisho tarehe 1 Julai. Mhusika wake mkuu, Riri Williams, ni msichana wa miaka 19, fundi wa mitambo kutoka Chicago, ambaye watazamaji walikutana naye mara ya kwanza katika filamu ya Black Panther: Wakanda Forever ya mwaka 2022. Kwa hiyo ni tamthilia iliyochipuka kutoka katika kazi nyingine. Si muendelezo, kwa kuwa haiendelezi kisa cha filamu hiyo. Wala haijitegemei, kwa kuwa asiyemjua mama hawezi kumwelewa vema mtoto. Kiswahili hakina bado istilahi moja iliyokubalika kwa utanzu huu. Hapa nitauita tamthilia chipukizi, ingawa vijana niliotazama nao walikuwa na njia fupi zaidi ya kuutambua. Waliuliza: "Hii imetoka kwa nani?"

Nilitazama nao katika kibanda umiza kimoja cha Iringo, kata ya mjini Musoma, kwa jioni mbili. Disney+ haikuwa ikiuzwa rasmi nchini Tanzania tamthilia hii ilipotoka. Ilifika kwa njia ambayo tamthilia nyingi za kigeni hufika, yaani kwa kurushwa kutoka kompyuta ya duka la muvi hadi kwenye flashi, ikiwa tayari imepandishiwa sauti ya msimulizi anayeitafsiri kwa Kiswahili. Suala la hakimiliki ni zito, lakini si langu katika makala haya. Wala sidai kwamba jioni mbili ni utafiti wa uwandani. Ni usomaji wa matini moja mbele ya hadhira moja, na ninachokitafuta humo ni jambo la sarufi.

Usimulizi huu una historia. Nchini Tanzania hutajwa sana jina la Derek Mukandala, maarufu kama Lufufu, ambaye Matthias Krings amemwandikia kwa kina. Kenya wana DJ Afro, na Uganda wana mavijei wao. Hata hivyo, katika uhakiki wetu wa Kiswahili matini ya msimulizi haijapewa nafasi inayostahili. Tukizungumzia watazamaji wa vibandani, huwa tunawazungumzia kama tatizo: vijana wanaopoteza muda, wanaomeza utamaduni wa kigeni, wasioelewa wanachokitazama. Ninapinga dai hilo la mwisho. Aliyezoea nadharia ya upokezi, hususan dhana ya Jauss kuhusu upeo wa matarajio, atatambua kwamba hadhira ya Iringo haikuitazama tamthilia ya Chicago. Ilitazama matini ya Kiswahili iliyowekwa juu ya picha za Chicago, na iliihukumu matini hiyo kwa vigezo vinavyotoka ndani ya Kiswahili. Anayeyachukua maoni yao kuwa ni maoni juu ya Ironheart kwa Kiingereza anapima kitu ambacho hawakukiona.

Nianze na lalamiko lililosikika kuliko yote: Wakanda iko wapi? Ni lalamiko la haki. Filamu ya kwanza ya Black Panther ilionyeshwa Kisumu Februari 2018, mji wa nyumbani kwa akina Nyong'o, ng'ambo ya ziwa lile lile linaloonekana kutoka Musoma, na Lupita Nyong'o aliifanya ionekane ni ya huku. Tamthilia chipukizi hii inamchukua msichana aliyepata umaarufu kwa kufika Wakanda, kisha inamfukuza chuoni na kumrudisha mtaani kwao katika kundi la wezi. Wakanda inabaki kutajwa tu. Steringi ambaye anaiba, ambaye baba yake wa kambo na rafiki yake wameuawa kwa risasi kabla kisa hakijaanza, ni steringi mgumu kwa hadhira iliyozoea kanuni kwamba steringi hafi na hakosei. Msimulizi aliliona tatizo hilo mapema. Kila Wakanda ilipotajwa, hata kwa neno moja, aliirefusha: alisimulia upya vita vya filamu iliyotangulia, akamtaja Shuri, akaeleza suti ya kwanza iliachwa wapi. Kwa maneno mengine, alimbeba mama mgongoni ili mtoto atambulike. Sehemu kubwa ya kile ambacho wahakiki wa kigeni wangekiita upungufu wa utegemezi ilizibwa na yeye.

Jambo lililonishughulisha zaidi lilikuwa Natalie. Katika tamthilia, Riri anajaribu kuunda programu ya akili mnemba itakayoiongoza suti yake, anatumia ramani ya ubongo wake mwenyewe, na bila kukusudia anapata nakala ya Natalie, rafiki yake aliyeuawa. Nakala hiyo inaonekana kwa umbo la mwanga, inacheka kama Natalie, inakumbuka mambo ya Natalie. Swali ambalo tamthilia inalizungusha kwa sehemu zote sita ni hili: huyu ni nani, au hiki ni nini?

Angalia jinsi nilivyolazimika kuliandika swali hilo mara mbili. Kiingereza hubeba uamuzi huu katika viwakilishi peke yake, na mtunzi mjanja anaweza kupitisha mandhari nzima bila kuvitumia. Mzungumzaji wa Kiswahili hana pa kujificha. Kila kitenzi anachokitamka kina kiambishi cha nafsi au ngeli, kila kivumishi na kila kionyeshi vinadai upatanisho. Ukisema "imewaka" umemfanya programu. Ukisema "ameamka" umemfanya mtu. Ukisema "limetokea" umeingia katika ngeli ya majitu, ya vitu vikubwa vya kutisha. Ukisema "kimetokea" umemdunisha. Yaani mtazamaji hahitaji kutoa maoni. Akifungua kinywa kueleza kilichotokea, ameshayatoa.

Msimulizi alianza kwa kiambishi i-. Alipoitambulisha nakala ile aliiita programu, na kwa dakika kadhaa vitenzi vyake vyote vilifuata ngeli ya I-ZI: inaongea, inamjua, inacheka. Kisha, katika tukio ambamo Natalie anamtania Riri kwa jambo la utotoni, alihama bila kutangaza: anamwambia, anamkumbusha. Nadhani hakuhama kwa makusudi. Utani ndio uliomhamisha, kwa sababu katika Kiswahili, na katika jamii zetu kwa jumla, utani ni uhusiano, na hautaniani na mashine. Hadhira ilimtangulia. Wengi walikuwa wamekwisha kusema "amerudi" tangu picha ya kwanza.

Hapa mwanaisimu lazima ajihadhari, na hasa akiwa Mara. Katika Kiswahili sanifu, nomino za viumbe hai hupata upatanisho wa A-WA bila kujali umbo la nomino: kiboko amezama, ng'ombe wamepotea. Lugha nyingi za Kibantu hazifanyi hivyo. Hupatanisha mnyama kwa ngeli ya nomino yake. Kwa hiyo Kiswahili cha bara, kikiwamo kile tunachokisikia sokoni na mwaloni, huruhusu "ng'ombe imepotea" bila msemaji kumaanisha kwamba ng'ombe hana uhai. Mhakiki anayetoka pwani akisikia "imerudi" juu ya Natalie anaweza kukimbilia kusema kijana huyu amemnyima Natalie utu, kumbe kijana ana mazoea mapana zaidi ya kiambishi hicho. Lakini mazoea hayo yana mpaka. Yule yule asemaye "ng'ombe imepotea" hasemi "mama imekuja." Binadamu anabaki kuwa a-. Basi "imerudi" katika Kiswahili cha Iringo ni ushahidi dhaifu, ilhali "amerudi" ni ushahidi wenye nguvu kuliko ambavyo ungekuwa mahali pengine: ni kiambishi kilichochaguliwa na watu ambao hawakitoi ovyo. Na ndicho walichokitumia.

Mpambano wa pili katika tamthilia ni kati ya sayansi ya Riri na joho la Parker Robbins, mkuu wa kundi, ambalo nguvu zake si za mitambo. Nje ya Afrika watazamaji wengi waliona mchanganyiko huo ni kasoro: kwa nini hadithi ya suti ya chuma imalizikie kwa shetani? Iringo sikusikia lalamiko hilo hata mara moja. Makovu yalipoanza kutambaa mwilini mwa Parker, neno lililozunguka kibandani lilikuwa ndagu, neno la Kanda ya Ziwa kwa utajiri wa kupewa kwa masharti, na mjadala ukawa juu ya masharti hayo ni yapi. Msimulizi alikuwa akisema "mkataba na shetani", hadhira ilimsahihisha. Ndiyo maana sikubali pia kwamba hadhira hii ni chombo cha msimulizi tu. Alipotoa istilahi ya jumla, walimpa ya kwao iliyo sahihi zaidi, maana ndagu ina jambo ambalo mkataba hauna: kitu unachokipenda ndicho kitakachodaiwa.

Wala wasomaji wa riwaya ya Kiswahili hawapaswi kulishangaa hilo. Katika Walenisi ya Katama Mkangi, mtu aliyehukumiwa huwekwa katika chombo na kurushwa hadi katika jamii nyingine. Katika Babu Alipofufuka ya Said Ahmed Mohamed, marehemu anarudi kuhoji walio hai. Tumezoea kuiweka kazi ya kwanza karibu na bunilizi ya kisayansi na ya pili karibu na mizimu, kisha tunapata taabu kueleza kwa nini zinafanana. Kibanda umiza hakina taabu hiyo. Chombo na mzimu vinakaa benchi moja.

Butiama haiko mbali na Musoma, na huwezi kuandika juu ya tafsiri ukiwa hapa bila kumfikiria mtafsiri aliyezaliwa kule. Nyerere alipowaita wafanyabiashara wa Shakespeare mabepari, katika Mabepari wa Venisi ya mwaka 1969, hakukosa neno la karibu zaidi. Alihukumu. Wahakiki wameandika mengi juu ya neno hilo moja, na hawakukosea kufanya hivyo. Sioni kwa nini msimulizi anayechagua kati ya i- na a- kwa saa nne mfululizo asisomwe kwa makini kama hayo, hata kama hana jina kwenye jalada. (Nakiri pia kwamba Nyerere hakuwa akitangaza namba ya simu ya duka la muvi kati ya onyesho na onyesho.)

Kumsoma kwa makini si kumsifu kwa kila jambo. Alipoharibu, aliharibu vibaya. Riri ana mshtuko unaomrudia tangu siku ya mauaji: anaishiwa pumzi, mikono inatetemeka, picha za siku ile zinamjia. Hiyo ndiyo nguzo ya tamthilia. Bila hiyo, kumhitaji kwake Natalie ni uchu wa fundi tu. Msimulizi aliyafanya matukio hayo kuwa kichekesho. Alimpa Riri sauti ya mtu aliyekula pilipili, na kibanda kikacheka. Matokeo yake yalionekana mwishoni: uamuzi wa Riri ulipoonekana wa kipumbavu kwa wengi, hawakuwa wajinga. Waliyanyimwa maandalizi. Msichana mmoja aliyekaa karibu na mlango, ambaye bila shaka alikuwa akifuatilia Kiingereza kilichosikika chini ya usimulizi, ndiye peke yake aliyemtetea, na alimtetea kwa kurudi kwenye matukio yale yale yaliyochekwa.

Karibu na mwisho, Riri anaitia suti yake nguvu za mizungu, na nguvu hizo zinaifuta nakala ya Natalie. Hapo msimulizi alirudi ghafla kwenye i-: programu imefutika. Kibanda kilikataa. "Amekufa," walisema, na wengine waliongeza, "mara ya pili." Sijawahi kusikia kanuni ya upatanisho ikibishaniwa kwa hisia kiasi hicho, na nimefundisha ngeli kwa miaka mingi.

Kisha likaja onyesho la mwisho. Mephisto, aliyempa Parker joho lake, anamkaribisha Riri mezani. Riri anakubali, na mtu anaonekana mbele yake: Natalie, mwenye mwili safari hii, anayeshikika. Mistari myeusi inapanda mkononi mwa Riri. Msimulizi, aliyekuwa na la kusema kwa kila kitu, alisema maneno matatu tu: "Kumbe ni Natalie." Kitenzi kishirikishi *ni* hakina ngeli. Kwa mara ya kwanza katika saa zote zile alikuwa amepata njia ya kupita bila kuchagua, na sijui kama alijua.

Watazamaji hawakuwa na njia hiyo, maana walikuwa wakisimuliana wakati wa kutoka. Wale waliosema "amerudi" juu ya mwanga usio na mwili sasa waligawanyika mbele ya mwili kamili. Baadhi walibaki na a-. Mmoja alisema ni msukule, neno ambalo kwa umbo liko katika M-MI lakini kwa upatanisho hupewa a-, kwa hiyo halikumaliza ubishi. Na vijana wawili, wale wale waliokuwa wamesema "amekufa," sasa walisema "limerudi."