Tashbihi Ndani ya Sheria: Kusoma Muundo wa ISO/IEC 29500

Tarehe 29 Februari 1900 haikuwahi kuwapo. Mwaka 1900 hugawanyika kwa 100 bila kugawanyika kwa 400, kwa hiyo Februari yake ilikuwa na siku 28. Hata hivyo, katika Ecma-376, rasimu ya kurasa zaidi ya 6,000 iliyofikishwa ISO mwishoni mwa 2006 ili iwe kiwango cha kimataifa cha nyaraka za ofisini, siku hiyo ina namba yake: ni siku ya 60. Kosa lilianzia kwenye programu ya majedwali ya Lotus 1-2-3. Excel ya Microsoft ikalirithi kwa makusudi ili majedwali ya zamani yasivurugike. Kisha likapanda hadi kwenye maandishi ya sheria. Kwa hesabu hiyo tarehe 1 Januari 1900, iliyokuwa Jumatatu, inatoka Jumapili, na siku 59 za mwanzo wa mwaka zinaitwa kwa majina yasiyo yake.

Msimulizi wa matini-kiwango hutarajiwa kutokuwa na wasifu: hana mji alikozaliwa wala ujana wa kukumbuka, ana kauli ya "lazima" tu, inayomfunga kila mtu sawa. Katika matini hii sauti hiyo ipo, na panapohusu ufungashaji, yaani namna vipande vya waraka vinavyowekwa katika kifurushi kimoja na kuelekezana, inasikika kwa usafi wa kupendeza. Lakini chini yake kuna sauti ya pili, sauti ya kampuni ya Microsoft inayosimulia maisha ya bidhaa yake.

Sauti hiyo hujitokeza waziwazi katika majina ya sifa. Tusome matatu: autoSpaceLikeWord95, useWord97LineBreakRules, footnoteLayoutLikeWW8. La kwanza linaamuru nafasi kati ya herufi pana ziachwe kama katika Word 95, programu ya Microsoft ya kuandikia. La pili, mistari ikatwe kwa kanuni za Word 97. La tatu, tanbihi zipangwe kama katika matoleo ya zamani ya programu hiyohiyo. Majina mawili kati ya hayo ni tashbihi kamili, yenye "kama" yake katikati. Tashbihi ni pambo tukufu la ushairi kwa sababu inamtegemea msomaji: nikisema macho kama nyota, nyota unazijua. Hapa kitu cha kufananisha nacho kimefungiwa ndani ya programu ambayo msimbo wake ni mali ya Microsoft, na rasimu haikueleza tabia zenyewe. Ilimtaka mtekelezaji aziige.

Tuipime fani hii kwa mfano wa mwaloni. Dagaa wa Rukuba, kisiwa cha Ziwa Victoria upande wa Musoma, wakiwekewa kanuni kwamba wapimwe kwa debe la lita 20, fundi bati yeyote ataliunda debe hilo. Kanuni ikisema wapimwe kwa debe kama alilotumia mnunuzi fulani mwaka 1995, bila kutaja kina wala upana, fundi hana pa kuanzia, na kila mvuvi atamrudia mnunuzi yuleyule. Sentensi hizo mbili zina kitenzi kimoja na uzito uleule wa amri. Tofauti yao ni nani anashika kipimo.

Hata juma lina mwenyewe. Katika rasimu, kazi ya majedwali ya NETWORKDAYS, inayohesabu siku za kazi, ilichukulia kwamba mapumziko ni Jumamosi na Jumapili. Mhasibu Mswahili aliyekuwa Muscat mwaka 2007, ambako mapumziko yalikuwa Alhamisi na Ijumaa, angehesabiwa siku zisizo zake.

Upande wa utaratibu nitapita haraka, ingawa haraka yenyewe ni sehemu ya fani. Kiwango kingine cha nyaraka za ofisini, ODF (ISO/IEC 26300), chenye kurasa takriban 700, kilikuwa kimekwisha kuidhinishwa mwaka 2006. Rasimu hii iliyokizidi mara kadhaa ilipelekwa kwa njia ya mkato. Septemba 2007 ilishindwa kupata kura za kutosha, ingawa Kenya iliikubali. Kura ya Sweden ilikuwa imebatilishwa baada ya mjumbe mmoja kupiga zaidi ya mara moja. Februari 2008, huko Geneva, siku tano zilitengwa kwa majibu zaidi ya 1,000 ya maoni ya nchi, na mengi yakapigiwa kura kwa mkupuo. Aprili ikaidhinishwa kuwa ISO/IEC 29500; safari hii Kenya haikuegemea upande wowote. Rufaa za Afrika Kusini, Brazili, India na Venezuela zilikataliwa Agosti.

Toleo lililochapishwa lilizihamishia tashbihi hizo sehemu ya nne, ya mpito. Kimuundo huo ni uamuzi bora kuliko yote katika kazi hii, kwa kuwa kumbukumbu hatimaye ilitengwa na sheria. Lakini Word iliendelea kuhifadhi faili kwa umbo la mpito, na ndilo linalozunguka maofisini mwetu.

Usiishie kwenye neno langu. Chukua faili lolote la .docx, hata muhtasari wa mkutano wa kijiji uliochapwa Musoma mjini. Badili mwisho wa jina lake uwe .zip, lifungue, ingia folda ya word, usome settings.xml. Ikiwa liliandikwa kwa Word ya miaka ya karibuni, utakuta mstari wa compatibilityMode wenye anwani ya schemas.microsoft.com na thamani 15. Hiyo ni namba ya ndani ya Word 2013.