Heko kwa Wanaosomea Kazini

Mpango wa jimbo la New South Wales, Australia, wa kuwafunza Waaborijini, wenyeji wa asili wa nchi hiyo, afya ya jamii unastahili pongezi za dhati. Ulianza mwaka 2011, wizara ya afya ya jimbo ikishirikiana na mamlaka za afya za wilaya. Mwanafunzi huajiriwa kwa miaka mitatu: leo yuko kwenye kufuatilia mlipuko wa ugonjwa, kesho kwenye takwimu za chanjo, na huku anasomea shahada ya uzamili chuo kikuu. Mshahara unaingia, kwa hiyo halazimiki kuchagua kati ya masomo na kulisha watoto. Hapo ndipo walipopatia hasa! Na njia ya kushika hatamu za afya yao waliifungua Waaborijini wenyewe, walipoanzisha zahanati yao Redfern, Sydney, mwaka 1971.